Padri Joseph Eckhel, Mjuzi wa Sarafu za Kale

Padri Joseph Eckhel alizaliwa Enzesfeld, katika nchi ya Austria, tarehe 13 Januari 1737. Mwaka 1751 aliingia Shirika la Yezu, akapewa upadri mwaka 1764, akafundisha mashairi na usemi bora. Lakini Padri Khell alikuwa amemwonjesha elimu ya sarafu za kale, nayo ikamshika moyo.

Siku zile matajiri wa Ulaya walikusanya sarafu za Waroma kwa ajili ya uzuri wake. Zile za shaba walizitenga kwa ukubwa tu, kama mtu apangaye vitabu kwa urefu! Tena wadanganyifu hawakukosa. Giovanni da Cavino, fundi wa Padova aliyekufa mwaka 1570, alikuwa ameiga sarafu kubwa za shaba kwa ustadi mwingi, hata watu wakazinunua kana kwamba ni za Makaisari.

Mwaka 1772 Eckhel alikwenda Italia, na huko Firenze akapanga sarafu zilizokusanywa zamani na Kardinali Leopoldo de' Medici. Kisha, mwaka 1773, Papa Klementi wa XIV alilivunja Shirika la Yezu. Padri akabaki bila shirika. Mwaka 1774 Malkia Maria Theresa alimweka Vienna kuwa mlinzi wa sarafu za kale na mwalimu wa elimu hiyo.

Huko alizipanga upya: za miji kwa nchi zake, kuanzia Hispania na kuizunguka bahari hata Afrika, za Makaisari kwa miaka. Tutazame sarafu moja ya shaba. Upande mmoja pana kichwa cha Vespasianus na herufi COS III, maana yake konsuli mara ya tatu. Basi ni mwaka 71. Upande wa pili pana mtende, na mwanamke ameketi akilia, na maneno IVDAEA CAPTA, yaani Uyahudi umetekwa. Herufi S C zataja amri ya baraza la wazee wa Roma. Yerusalemu ulikuwa umeanguka mwaka 70, na shaba hiyo yashuhudia. Mwenye kuitazama kwa ukubwa tu angejua nini?

Elimu hiyo yote Eckhel aliiandika kwa Kilatini katika vitabu 8, kuanzia mwaka 1792. Cha mwisho kilitoka mwaka 1798, naye akafariki Vienna tarehe 16 Mei mwaka ule ule. Shirika la Yezu lilirudishwa mwaka 1814.