Koloneli Mulamba na Mji wa Bukavu

Parokia haiishi mbali na mateso ya mji wake. Ndiyo sababu katika kitabu hiki cha Yubile tumeweka pia ukumbusho wa askari mmoja, Leonard Mulamba.

Alizaliwa mwaka wa 1928 huko Luluabourg, ndiyo Kananga ya leo, akaingia Force Publique, jeshi la wakati wa Wabelgiji. Hakuwa mwana wa Kivu.

Mwaka wa 1964 waasi walioitwa Simba walitwaa Uvira mwezi wa tano, Kindu mwezi wa saba, na Stanleyville, ndiyo Kisangani, mwanzoni mwa mwezi wa nane. Mahali pengi askari wa serikali walikimbia kabla ya kupigana, maana waliogopa dawa iliyosemwa kugeuza risasi kuwa maji. Tarehe 19 ya mwezi wa nane waasi wa Olenga walishambulia Bukavu, wakapenya mpaka katika barabara za mji. Nyuma ya Mulamba kulikuwa na ziwa na mto Ruzizi, na ng'ambo yake Rwanda. Njia ya kukimbia ilikuwa fupi mno! Koloneli hakuishika. Alibaki na askari wake mjini. Washi wa Kabare wakawa upande wake, na ndege za vita zilizotolewa na Marekani zikawapiga waasi kutoka juu. Olenga alishindwa, akarudi nyuma.

Tukitazama kusini tunajua mji uliponyoka nini. Tarehe 28 ya mwezi wa 11 mwaka ule ule, huko Baraka na Fizi, waasi waliwaua Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè, Padri Albert Joubert na Furere Vittorio Faccin. Walitangazwa wenye heri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Lakini tusiwasifu askari wa serikali kupita kiasi: raia waliumizwa na pande zote mbili.

Mobutu alipotwaa utawala, mwezi wa 11 mwaka wa 1965, alimfanya Mulamba kuwa waziri wa kwanza. Tarehe 26 Oktoba 1966 alimwondoa, akashika kazi ile mwenyewe. Mulamba alitumwa mbali kuwa balozi, huko India, kisha Japani. Miaka ile nchi nzima ilisikia habari za Kamanyola, mahali pa sifa za Mobutu mwenyewe. Za Bukavu zilisimuliwa kidogo tu. Mulamba alifariki mwaka wa 1986.