Eric Walker na nyumba yake ya juu ya mti

Mwanadamu tangu zamani ana hamu ya kukaa juu. Mwaka 1928, huko Moscow, kijana Georgii Krutikov aliyekuwa akimaliza masomo ya usanifu wa majumba alichora mji mzima wa kuelea angani, ardhi ikiachiwa kazi na mapumziko. Mji huo ulibaki karatasini. Miaka minne baadaye, huku kwetu Kenya, Mwingereza mmoja alijenga kweli nyumba ya juu, ila yake ilishikwa na mti.

Eric Sherbrooke Walker alikuwa mtu wa vituko. Alipata kuwa karani wa Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti. Katika Vita Kuu ya kwanza alirusha ndege, akatekwa na Wajerumani. Baada ya vita akaingia magendo ya kuvusha pombe hadi Marekani, ilikopigwa marufuku. (Mali ya haramu, tutasema sisi wa pwani.) Kisha yeye na mkewe Bettie wakahamia Nyeri, wakafungua hoteli ya Outspan.

Mwaka 1932 wakajenga vyumba viwili juu ya mugumo mkubwa, mti wa jamii ya mkuyu, katika msitu wa Nyandarua, wakaviita Treetops. Wageni walipanda ngazi kabla ya magharibi, wakakesha kimya wakiwatazama ndovu na vifaru wakija kunywa maji na kulamba chumvi. Uzuri wa jengo lile, kwa maoni yangu, ni kuwa nyumba iliufuata mti. Mti haukukatwa kuifuata nyumba. Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth alilala humo, na usiku huo baba yake akafariki Uingereza. Alipanda binti mfalme, akashuka malkia.

Lakini kwa Wakikuyu mugumo si mti wa mchezo. Chini yake wazee walitoa sadaka na kuomba wakiuelekea Mlima Kenya. Sasa msitu wenyewe ulikuwa chini ya serikali ya kikoloni, na mgeni akilipa ili apande. Tarehe 27 Mei 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, wapiganaji waliichoma nyumba ile ikateketea.

Treetops ilijengwa upya mwaka 1957, mwaka ule ule aliponyongwa Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Nyandarua. Safari hii ilikuwa kubwa zaidi, ng'ambo ya pili ya maji, nayo ilisimama juu ya nguzo. Walker aliishi akaiona ikijaa wageni, hata akafariki mwaka 1976.