Maisha ya Dennis Ritchie

Dennis Ritchie alizaliwa tarehe 9 Septemba, 1941, katika mji wa Bronxville, Marekani. Baba yake alikuwa mtaalamu katika Maabara ya Bell. Mwana naye, baada ya kusoma fizikia na hesabu katika Chuo Kikuu cha Harvard, akaingia kazini humo mwaka 1967.

Katika mashine nyingi za wakati ule, kila chombo kilikuwa na amri zake: diski hivi, utepe vile. Mwaka 1969 mwenzake, Ken Thompson, alianza kutunga Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, na Ritchie akashirikiana naye. Wakaweka kanuni moja: kila kitu kihesabiwe kuwa faili, kifunguliwe, kisomwe, kiandikwe, kifungwe. Hivyo programu moja ikaweza kutumia vyombo vingi. Kufikia mwaka 1972 Ritchie alikuwa ametunga lugha ya C, na mwaka 1973 Unix ikaandikwa upya kwa lugha hiyo.

Kanuni ile ni kama debe letu hapa Haneti. Mtama hupimwa kwa debe, uwele kwa debe, karanga kwa debe, na biashara huenda upesi. Lakini nani amepata kumpima mbuzi kwa debe? Vivyo hivyo, utepe hutaka kurudishwa nyuma, na mashine ya taipu hutaka kupangiwa mwendo; kusoma na kuandika hakutoshi. Kwa hiyo Unix ya mwaka 1979 ilikuwa na amri ya pembeni, ioctl, kwa mambo yasiyoingia katika kanuni. Mwaka 1983 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliupa mtandao amri zake wenyewe. Maana faili hungoja mahali pake, bali mashine ya mbali huweza kukataa kujibu, au kukatika katikati ya mazungumzo. Baadaye Maabara ya Bell ilitunga Plan 9, ili hata mtandao uwe faili. Ilisifiwa, lakini haikuenea.

Ritchie na Thompson walipewa Tuzo ya Turing mwaka 1983. Tarehe 12 Oktoba, 2011, Ritchie alikutwa amefariki nyumbani kwake, wiki moja baada ya kifo cha Steve Jobs, na habari zake hazikuvuma sana. Hata hivyo, simu za Android walizo nazo wazazi wetu zina kiini cha Linux, kinachofuata njia za Unix na kilichoandikwa hasa kwa C.

Basi, wanafunzi wenzangu, kanuni inayotatua mengi tuishike, lakini tujue na mpaka wake. Sisi wa Kidato cha Nne tunaokariri njia moja ya kujibu maswali yote, tukikutana na mbuzi katika chumba cha mtihani, tusimlazimishe kuingia debeni.

Mwanafunzi, Kidato cha IV