DE SAUSSURE, MPIMA JOTO WA MILIMANI

Hebu nijibuni swali hili. Kilele cha mlima kiko karibu na jua kuliko sisi huku chini, mbona basi kuna baridi ya kukata mifupa? Mlima wetu wa Kenya una barafu, nao uko papa hapa Ikweta! Swali kama hilo lilimsumbua bwana mmoja wa zamani, jina lake Horace-Bénédict de Saussure.

Alizaliwa mwaka wa 1740 karibu na Geneva, mji ulioko Uswisi hivi leo. Kwao walikuwa na mali, naye alikuwa na kichwa chepesi ajabu, maana akiwa na miaka 22 tu tayari alikuwa profesa! Lakini roho yake ilikuwa milimani. Mwaka wa 1760 aliahidi zawadi kwa yeyote atakayegundua njia ya kufika kilele cha Mont Blanc, chenye zaidi ya mita 4,800. Alingoja wee, mpaka 1786 watu wawili walipofaulu. Mwaka uliofuata akapanda mwenyewe na viongozi 18. Pumzi zilimwishia, lakini alikaa kileleni zaidi ya saa nne akipima tu.

Hata hivyo, kwangu mimi kazi yake kubwa ni ile ya sanduku. Lilikuwa la mbao, jeusi kwa ndani, likafunikwa kwa vioo vitatu. Mwaka wa 1774 alilipandisha mlima Cramont. Hewa ya nje ilikuwa digrii 6, lakini ndani ya sanduku joto lilifika karibu 88! Kesho yake akalishusha mahali ambapo hewa ilikuwa digrii 25. Ndani je? 86 hivi. Kumbe jua la juu si dhaifu hata kidogo! Akaeleza kwamba hewa ya huko, kwa kuwa ni nyepesi na angavu, hupitisha joto bila kulishika.

Mapinduzi ya Ufaransa yalimfilisi, na mwaka wa 1799 akafariki. Mwaka wa 1824 Mfaransa Joseph Fourier alilitaja sanduku lile alipoeleza jinsi hewa inavyoihifadhi dunia joto.

Siku hizi joto hilo hukadiriwa kwa kompyuta. Kompyuta huigawanya dunia kwa miraba, na mingi ina upana wa kilomita 100 hivi. Sasa fikirini: ndani ya mraba mmoja kilele, bonde na tambarare huchanganywa vikawa wastani mmoja. Mlima Kenya wenye mita 5,199 hugeuka kilima! Baridi ya kileleni na joto la miteremko ya asubuhi hupotea humo. Tena vituo vya kupimia hewa juu milimani ni vichache mno, kwa hiyo wataalamu hushindwa kujua kompyuta imekosea kwa kiasi gani. Bado wanahitajika watu wa kubeba kipimajoto na kupanda.