Dakta Krapf na Kadhi wa Mvita

Kila nivukapo daraja la Nyali hukumbuka kwamba upande ule wa bara amelazwa mwanamke wa Kizungu pamoja na mwanawe mchanga, tangu Julai mwaka 1844. Huyo ni Rosine, mkewe Dakta Johann Ludwig Krapf. Jina la mume wengi wetu tulifundishwa shuleni, kuwa ndiye Mzungu aliyeuona Mlima Kenya mwaka 1849. Habari za mlima nawaachia wengine. Linaloshughulisha moyo wangu ni dini ya mtu huyu, na yaliyotufikia sisi Waislamu wa pwani kwa ajili yake.

Alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, Ujerumani, baba yake mkulima. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja alipigwa na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua karibu nusu mwaka. Kitandani hapo ndipo alipoizoea Biblia. Baadaye baba yake akamnunulia kitabu cha ramani, na mtoto akashangaa kuona upande wa Afrika ya Mashariki karibu mtupu, majina mawili matatu tu. Nadhani mambo yake yote yaliyofuata yalitoka katika vitabu hivyo viwili.

Mwaka 1837 alikwenda Uhabeshi kuhubiri, na baada ya miaka michache akafungiwa mlango. Katika safari za huko yeye na mkewe walizika mtoto wao wa kwanza njiani. Januari 1844 akafika Unguja, Seyyid Said akampokea kwa heshima na kumpa barua kwa maliwali wake. Mwezi wa Mei akahamia Mvita.

Hapo ndipo paninogeapo. Mwezi wa Juni Krapf alianza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyeketi naye kumsaidia ni Sheikh Ali bin Muhyiddin, Kadhi wa Mvita, mwenye asili ya Barawa. Hebu fikiri, ndugu msomaji: padre aliyekuja kuwageuza watu dini, na kadhi mlinzi wa sheria, wameinamia karatasi moja. Kadhi hakuwa mgeni wa habari za Adamu na Hawa wala za Nuhu na safina yake. Kiswahili cha kuyaeleza mambo ya Mungu kilikuwa tayari vinywani mwa wazee wetu, na Krapf ilimbidi aje kukiomba.

Mwezi uliofuata, naye mwenyewe akiwa hoi kwa homa, mkewe alijifungua binti, akafa baada ya siku chache, na mtoto akamfuata. Mwingine angetafuta jahazi arudi kwao. Krapf aliwaandikia wakubwa wake London kwamba kaburi lile ni alama ya kuwa kazi imeanza. Sisi msibani husema sote ni wa Mungu na kwake tutarejea, kisha tukanyamaza. Yeye aliyasoma mauti kama asomavyo kitabu, akitafuta maana yaliyokusudiwa. Uhodari huo nauheshimu, lakini nauogopa pia.

Mwaka 1846 alijiwa na mwenziwe Rebmann, wakahamia Rabai. Waliobatizwa walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Liko jambo ambalo simwachilii. Wazee wetu waliandika barua, hati na tenzi kwa herufi za Kiarabu. Krapf alichagua za Kizungu, na hakuficha sababu: aliona khati ya Kiarabu itazidi kuwafunga watu na Uislamu. Aliongeza kuwa herufi zile hazikitoshelezi Kiswahili, na hili la pili lina kweli yake. Aliyewahi kusoma utenzi wa kale aijua taabu ya kutambua p na b. Hata hivyo nia ile ya kwanza yaniuma, nami naandika makala haya kwa herufi zizo hizo.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo alizitafuta nakala za tenzi zetu, akazipeleka Ujerumani, zikawekwa katika maktaba ya wataalamu huko Halle mwaka 1854. Mojawapo ni utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, na habari zake ni za Mtume wetu na Heraklio mfalme wa Rumi. Zilizobaki majumbani mwetu, ngapi ziliishia kwa mchwa!

Krapf aliondoka pwani mwaka 1853. Alirudi kwa muda mwaka 1862, kisha akaishi Korntal, Ujerumani, akiandika kamusi yake kubwa ya Kiswahili cha Mvita. Novemba 1881 walimkuta asubuhi amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake, kama alivyokuwa akisali. Kamusi ilitoka London mwaka uliofuata.