Maisha ya Wakili Thaddeus Stevens

Huenda baadhi ya ndugu zetu wasomaji wakastaajabu kutuona tukiandika habari za mtu asiyekuwa Mwislamu, tena mcheza kamari. Kamari yake hatuisifu. Tunaloandika ni jambo jingine.

Thaddeus Stevens alizaliwa mwaka 1792 katika jimbo la Vermont, Marekani, naye ana kilema cha mguu. Baba yake aliwatupa. Mama ndiye aliyejitaabisha hata mwanawe akasoma. Mwaka 1816 alianza uwakili katika mji mdogo wa Gettysburg, jimboni Pennsylvania.

Mwaka 1821 alisimama upande wa bwana mmoja wa Maryland aliyekuwa akidai mtumwa wake, mwanamke mwenye watoto. Sheria ya Pennsylvania ilikuwa ikimpa uhuru mtumwa aliyewekwa humo na bwana wake miezi sita. Mwanamke yule alijumlisha safari zake zote. Stevens akajibu kuwa miezi hiyo sharti ifuatane bila kukatika. Akashinda kesi, na mama yule na wanawe wakarudi utumwani. Elimu yaweza kumtumikia hivi kila mwenye kulipa, na wafanyao haya si mawakili peke yao. Hata sisi wenye vilemba tumo.

Yaliyompita moyoni baada ya hapo Mungu ndiye ajuaye, lakini baadaye alijulikana kwa kuwatetea watumwa waliotoroka. Mwaka 1835, wajumbe wa jimbo walipotaka kuifuta sheria ya shule za bure, alisimama akawageuza, na watoto wa maskini wakasoma. Mwaka 1838 alikataa kutia sahihi katiba ya jimbo kwa sababu iliwanyima watu weusi kura.

Aliingia Baraza la taifa mwaka 1849, akatoka mwaka 1853, akarudi mwaka 1859. Alikuwa miongoni mwa waliosimamia kuingizwa katika katiba marufuku ya utumwa, mwaka 1865, na usawa wa raia mbele ya sheria, mwaka 1868. Alitaka pia mashamba ya mabwana wakubwa wa Kusini yagawiwe waliokuwa watumwa, kila mwanamume eka 40. Wenzake wakakataa, na walioachwa huru wakabaki wakilima ardhi ya watu.

Alikufa tarehe 11 Agosti 1868. Makaburi mengine ya Lancaster, mji aliokuwa akikaa, yaliwabagua watu kwa rangi. Kwa hiyo alichagua makaburi madogo yasiyombagua mtu, akaamuru sababu hiyo iandikwe juu ya jiwe lake. Huko ndiko aliko hata leo.