Ernst Ising, aliyekosea nusu akavuma

Ukifika Kilelengwani, huko Tana Delta, cheki tope. Halitapakai ovyo, linafuata mkondo wa mto, safu ndefu. Shika hiyo picha.

Sasa twende Ujerumani. Ernst Ising alizaliwa Cologne mwaka 1900. Akiwa chuo Hamburg, mwalimu wake Wilhelm Lenz alimpa swali: visumaku vidogo vingi, kila kimoja kikifuata jirani zake tu, vinaweza vyote kuelekea upande mmoja? Ising akavipanga kwa mstari mmoja, akapata jibu: joto likiwepo hata kidogo, haviwezi. Sawa kabisa. Lakini akadhani hata vikijazana kama kwenye kipande cha chuma, jibu ni lilelile. Hapo alikosea, bana. Akachapisha 1925, akaachana na utafiti. Mimi niliyeacha chuo namwelewa.

Alikuwa Myahudi, kwa hiyo 1933 Manazi wakamfuta kazi ya ualimu. Akakimbilia Luxembourg, wakamfuata huko, wakamtumikisha kung'oa reli. 1947 akavuka kwenda Marekani. Ni 1949 ndipo alijua modeli yake imevuma! Onsager alikuwa ameshaonyesha 1944 kwamba kwenye bapa, visumaku vikipoa hukubaliana ghafla.

1968, McCoy na Wu wakaitia modeli kasoro, zimenyooka safu kwa safu, kama lile tope. Zingetawanyika ovyo, ule mgeuko ungebaki karibu vilevile. Kwa safu, ukali wake uliyeyuka.

Ising mwenyewe alikuwa Peoria, Illinois, akifundisha fizikia tu. Alifariki 1998.